Mgeni Alilala Wapi?

Ukitaka kujua uzito wa ziara ya kubadilishana ujuzi na utamaduni, usisome ratiba yake. Ratiba hizo hazitofautiani sana. Asubuhi ni kiwanda cha chai, kabla ya chakula cha mchana ni hospitali, alasiri ni shule ambako watoto wamesimamishwa mistari tangu saa tatu, na jioni ni hotuba na picha ya pamoja. Uliza jambo moja tu: usiku ulipoingia, mgeni alilala wapi?

Katika nchi ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya, swali hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu huko jinsi watu wanavyogawana nyumba ni sheria. Wazee walipanga boma kwa kufuata chinsoni, taratibu za haya na staha kati ya kizazi kimoja na kinachokifuata. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Mvulana akishatahiriwa halali tena kwa mama yake. Anahamia esaiga, nyumba ya wanaume, na mgeni wa kiume naye hulazwa huko. Nyumba ya mama ina pande mbili. Upo upande wa eero, ambako baba hukaa na watu wake, na upo upande wa ndani, wenye jiko na kitanda. Mwana aliyekua akikiona kitanda cha wazazi wake ameona asichotakiwa kuona. Babu na bibi, kwa upande wao, hawana mwiko wa namna hiyo na wajukuu. Wanataniana nao, wanalala nao chumba kimoja, wanaambiana mambo ambayo baba na mwana hawawezi kuyatamka.

Kwa hiyo mgeni wa Gusii anaweza kulishwa hadi ashindwe kuinuka na bado asiione nyumba. Ataletewa maji ya kunawa, kisha obokima, ugali wa wimbi, ndani ya kikapu kilichosukwa ili usipoe, mboga ya chinsaga iliyochemshwa muda mrefu na kutiwa maziwa mpaka uchungu wake umetulia, na maziwa ya kibuyu. Atasifiwa, ataulizwa habari za watu wake mmoja mmoja, atabembelezwa aongeze. Lakini mlango wa ndani hautamhusu. Mambo haya yamelegea, hasa mjini na kwa waumini wa makanisa, ila hayajafa. Historia ya Gusii na dunia ya nje naiona vizuri zaidi nikisimama kwenye mlango huo kuliko nikisimama kwenye jukwaa la hotuba.

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya hawakuomba malazi. Walikuja mwaka 1905 na askari wa King's African Rifles (KAR), wakapiga na kuteka mifugo, wakarudi mwaka 1907 kuweka kituo Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908 Geoffry Northcote, ofisa wa serikali, alichomwa mkuki na kijana aliyeitwa Otenyo, ambaye nyuma yake alisimama Moraa, mtabiri aliyewashutumu vijana kwa kunyamaza. Northcote alipona, na maisha yake yakamfikisha mbali: mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong. Gusii ililipa kwa nyumba kuchomwa na ng'ombe kutwaliwa. Kuhusu Otenyo, simulizi za kwao zinasema alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza, na mara kwa mara wenyewe wamedai kirudishwe. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi huyo ni miongoni mwa Wagusii wa kwanza kufika Ulaya.

Wamisionari walifuata. Wakatoliki wa Mill Hill walifungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakajijenga Nyanchwa, kilimani juu ya mji, muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hawa walikuwa karibu na watu zaidi kuliko serikali. Walijifunza Ekegusii, walifundisha kusoma, walitibu. Lakini misheni ilikuwa na ua wake, nyumba zake na saa zake za kubisha hodi. Ndipo Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilipoingia Kisii kutoka kusini. Waingereza waliuacha mji, mapigano yakafanyika tarehe 12, na katika siku zile ambazo haikujulikana nani ni mwenye mji, wenyeji waliingia maofisini, madukani na kwenye misheni wakabeba walichoweza. Vitabu vinaliita tukio hilo uporaji, na lilikuwa uporaji, na adhabu yake ilikuwa kali. Mimi naongeza jambo moja dogo: hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wengi wa Gusii kuingia chumba cha ndani cha Mzungu na kuona alikuwa akilalia nini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili alikuja mgeni wa aina nyingine, mwenye daftari. Serikali ya kikoloni ilimwajiri mwanaanthropolojia Philip Mayer, naye akaandika juu ya koo na sheria za mahari ya Wagusii, maandishi yaliyotoka mwaka 1949 na 1950 na ambayo wanasheria na wanafunzi wameyanukuu tangu hapo. Kisha mwaka 1955 wakaja vijana wawili Wamarekani, Robert na Barbara LeVine. Walikuwa sehemu ya mradi wa tamaduni sita ulioongozwa na John na Beatrice Whiting. Jamii sita zilichaguliwa ili kulinganisha jinsi watu wanavyolea watoto: moja India, moja Ufilipino, moja Okinawa, moja Mexico, moja huko huko Marekani katika majimbo ya New England, na ya sita ikawa kijiji cha Gusii ambacho kitabu chao cha mwaka 1966 kinakiita Nyansongo.

Robert LeVine alirudi mwaka 1974 akiwa na Sarah LeVine na kundi la wataalamu, madaktari wa watoto wakiwamo, wakakaa hadi 1976. Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu sidhani kuna ziara ya kitaaluma iliyofika ndani zaidi ya nyumba za Gusii. Walipima watoto wachanga, walikaa na mama zao saa nyingi, walihesabu nani alimshika mtoto, kwa muda gani, nani alimtazama, nani alimsemesha. Wakalinganisha na mama wa Boston. Waliyoyaona yaliwashangaza wasomaji wao. Mama wa Gusii hakumkazia mtoto macho wala kumwongelesha kwa muda mrefu. Mtoto akichangamka kupita kiasi, mama aligeuza uso ili atulie. Lakini mtoto akilia alijibiwa upesi, alishikwa na kubebwa kwa muda mrefu kuliko mtoto wa Boston, usiku alilala ubavuni mwa mama, na mchana alikuwa na mlezi, omoreri, kwa kawaida dada yake wa miaka sita au saba hivi. Mama wa Boston naye alimweka mtoto kwenye kiti, akamtazama usoni na kumwuliza maswali ambayo mtoto wa miezi minne hana la kujibu.

Nani alikuwa analea vizuri? Jibu la akina LeVine, lililokomaa katika kitabu chao cha mwaka 1994, lilikuwa kwamba swali hilo limewekwa vibaya. Mama wa Gusii, aliyejua vifo vya watoto kwa majina, alitaka kwanza mtoto aishi, atulie, awe msikivu. Mama wa Boston, ambaye hofu ya kifo cha mtoto ilikuwa imeshamwondokea, alielekeza nguvu kwenye kufundisha. Kila mmoja alikuwa na akili yake, na kila mmoja alimshangaa mwenzake. Kwa njia hiyo watoto wa vilima vya Gusii wameingia katika masomo ya saikolojia ya vyuo vya Marekani, wakitajwa kila mara profesa anapotaka kuonyesha kwamba malezi ya tabaka la kati la Marekani si kipimo cha binadamu wote.

Nina malalamiko mawili juu ya kazi hiyo nzuri. La kwanza ni la kudumu katika utafiti wa aina hiyo. Majina ya vijiji na watu yalibadilishwa, na hiyo ni heshima, lakini heshima hiyo hiyo imemfanya mjukuu wa mama aliyechunguzwa asiweze kumtambua bibi yake katika ukurasa anaousoma. La pili ni kwamba mpango ule haukuwa na njia ya kurudi. Hapakuwa na fungu la kumpeleka mama wa Gusii Boston, akae kwenye kochi la mwenzake na daftari lake mwenyewe, aandike kwamba huku mtoto wa miezi mitatu analazwa peke yake chumbani usiku kucha na mlango unafungwa. Ningelipa pesa kuusoma ukurasa huo.

Njia ya kurudi ilifunguliwa na watu wengine. Vita viwili vya dunia vilikuwa vimewatoa wanaume wa Gusii nje, kwanza kama wapagazi wa kariakoo, kisha kama askari waliofika Burma. Hao walilala kwenye mahema. Mwaka 1954 Nyandika Maiyoro, mwanariadha wa Kisii, alikimbia London kisha Vancouver, akamaliza wa nne katika mbio za maili tatu za michezo ya Jumuiya ya Madola, na miaka miwili baadaye alikuwa Melbourne kwenye Olimpiki. Mwanariadha husafiri sana na kuona kidogo: kambi, kiwanja, basi, kambi. Mwaka 1957 hivi Simeon Nyachae, mwana wa chifu mkuu Musa Nyandusi, alikwenda Torquay, kusini mwa Uingereza, kusomea utawala. Mwanafunzi wa makoloni nchini Uingereza miaka hiyo alilala hosteli au alipanga chumba kwa mama mwenye nyumba, akimlipa kwa wiki, baada ya kukataliwa milango kadhaa kwa sababu ya rangi. Mpangaji si mgeni. Anajua bei ya makaa ya kuotea moto, hajui wenye nyumba wanagombana juu ya nini.

Waliompa mgeni kitanda ndani ya familia, kama mpango rasmi, walikuwa hasa Wamarekani. Mwaka 1932 Donald Watt alianzisha shirika lililoitwa Experiment in International Living akiwa na wazo moja: kijana hajifunzi nchi ya watu kwa kutembezwa kwenye makumbusho, anaijifunza kwa kuishi kama mwana wa nyumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, AFS, chama kilichoanza kama madereva wa magari ya wagonjwa katika uwanja wa mapambano, nacho kikageukia kupeleka wanafunzi wa sekondari kukaa mwaka mzima na familia za nchi nyingine. Wazo hilo lilikuwa limeshakomaa wakati mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya alipoanza kukusanya nafasi za masomo Marekani. Septemba 1959 ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Hadi 1963 karibu 800 kutoka Afrika Mashariki walikuwa wamepitia mpango ule, na mwaka 1960 taasisi ya familia ya Kennedy ilitoa dola 100,000 kulipia usafiri.

Gusii ilikuwamo katika wimbi hilo la masomo ya Marekani, ndani na nje ya ndege za Mboya. Lawrence Sagini alisoma Chuo cha Allegheny huko Pennsylvania, akarudi kuwa waziri katika baraza la kwanza la Kenya huru. Zachary Onyonka alifika hadi udaktari wa falsafa katika uchumi Chuo Kikuu cha Syracuse, akaiwakilisha Kitutu bungeni kwa miaka mingi na kushika wizara, ya mambo ya nje ikiwamo. Vyuo vingi vilifunga mabweni wakati wa Krismasi na kiangazi, na hapo familia za kanisani au za maprofesa ziligawana wanafunzi waliokuwa hawana pa kwenda.

Mfikirie kijana aliyelelewa katika chinsoni, amefika nyumba ya mbao yenye ghorofa moja. Anaonyeshwa chumba chake. Kipo juu, kimepakana ukuta kwa ukuta na chumba cha wenye nyumba. Bafu ni moja, linalotumiwa na baba, mama, binti wa miaka kumi na sita, na yeye. Asubuhi mama wa nyumba anashuka na kanzu ya kulalia kuwasha jiko. Anamwambia mgeni amwite kwa jina lake la kwanza, yeye mwanamke wa umri wa mama yake, na kijana anameza mate. Jioni baba anafunga aproni na kuosha vyombo. Mbwa amelala kwenye kochi. Hakuna aliyemkosea adabu hata kidogo; wamempa kila walichonacho, na ndiyo maana hawezi kulala. Waliorudi wakiulizwa habari za Marekani wanaanza na majengo marefu na theluji, kwa kuwa ndicho kinachotarajiwa. Ukikaa nao zaidi, baada ya chai ya pili, wanafika kwenye bafu.

Upande wa pili wa pazia la vita baridi mambo yalikuwa tofauti. Wakenya waliopelekwa na mwanasiasa Oginga Odinga kusoma Urusi, Ujerumani Mashariki na Bulgaria walipewa masomo bora na posho, wakalazwa hosteli. Urafiki wa mataifa uliandikwa kwenye mabango. Mwanzoni mwa 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana Sofia, na wengi wakaihama Bulgaria. Sidai kuwa kitanda katika nyumba ya mwalimu wa Sofia kingezuia hayo. Nasema tu kwamba unaweza kukaa miaka mitano katika nchi usijue watu wake wanakula nini wakiwa peke yao.

Marekani nayo haikuwa moja. Robert Ouko, mwanariadha wa Gusii ambaye asichanganywe na waziri wa jina hilo hilo, alisoma North Carolina Central huko Durham, chuo cha Wamarekani weusi, chini ya kocha LeRoy Walker. Mwaka 1972 mjini Munich alitwaa dhahabu ya mita 400 kwa wanne kupokezana pamoja na Charles Asati, Hezahiah Nyamau na Julius Sang; watatu kati ya wanne hao ni wa Gusii, na nikiwa nalo jukwaa la kusemea nitalitaja kila mara, kwa sababu leo mtu akisema mbio za Kenya fikra zinakimbilia Iten. Dhahabu ya kwanza kabisa ya Kenya katika Olimpiki, ile ya mita 10,000 mwaka 1968 huko Mexico, ni ya Naftali Temu, mwana wa Gusii. Yobes Ondieki, aliyepitia Chuo Kikuu cha Iowa State, alikuwa binadamu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya dakika 27, Oslo, Julai 1993.

Tabaka, kusini mwa Kisii, ilisafiri kwa njia ya jiwe. Jiwe la sabuni linachimbwa pale pale mlimani, jeupe, la waridi au la kijivu. Wanaume wanakata na kuchonga, wanawake wanakaa na mabeseni ya maji wakisugua kwa msasa, kutoka wa makali hadi wa laini, mpaka uso uteleze. Vinyago na vibakuli vilifika madukani Ulaya kabla wachongaji wenyewe hawajafika. Elkana Ong'esa, aliyezaliwa huko, alisoma Makerere kisha McGill nchini Kanada, na ndege wake wa amani yupo makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Mwaka 2014, Kenya ilipokuwa mgeni wa tamasha la Smithsonian mjini Washington, alichonga mbele ya watazamaji. Hilo ni zuri, lakini ni ziara ya mchana tena. Wateja wa Paris na Washington wanaujua mkono wa mchongaji. Mabeseni ya maji ya wanawake wa Tabaka hayajapanda ndege.

Ziara za wataalamu zilipata umbo lake maarufu zaidi kwa Rotary. Kuanzia 1965 shirika hilo lilipeleka vikundi vya watu wanne au watano, vijana wenye kazi zao ambao si wanachama, wakiongozwa na mwanachama mmoja, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Kenya ilikuwa katika wilaya moja ya Rotary na Uganda, Tanzania, Ethiopia na Eritrea, wilaya namba 9200. Mchana kila mmoja alipelekwa kwa watu wa fani yake, muuguzi hospitalini, mwalimu shuleni, ofisa wa kilimo shambani. Usiku walilala nyumbani kwa wanachama, kila baada ya siku chache nyumba mpya. Mpango huo ulifungwa mwaka 2013, ukapisha timu za mafunzo zenye malengo yanayopimika. Naelewa sababu, ila nasikitika. Muuguzi aliyetembezwa katika hospitali ya ng'ambo ataona mashine ambayo kwao haitafika. Muuguzi huyo huyo akiwa mezani asubuhi, mwenyeji wake akamwambia kuwa Jumapili watakwenda kumwona mama yake katika makao ya wazee, atakuwa ameelewa kuhusu kazi ya uuguzi ya nchi ile jambo ambalo hotuba haikumpa.

Na jambo hilo, kuhusu wazee wa Wamarekani, ndilo lililokuja kubadilisha Gusii zaidi kuliko ndege za Mboya. Tangu miaka ya 1990, kwa masomo na kwa bahati nasibu ya kadi ya kijani iliyoanza 1995, Wagusii walihamia Marekani kwa wingi, na jimbo la Minnesota likawa kama tarafa ya ziada. Viunga vya kaskazini mwa Minneapolis vina makanisa ambamo Sabato inahubiriwa kwa Ekegusii. Wengi walianza na cheti cha uuguzi msaidizi, mafunzo ya wiki chache, wakaingia makao ya wazee au nyumba za wazee wenyewe. Hapo mlango wa ndani ulifunguka moja kwa moja. Mwanamume wa Nyamira, ambaye kwao asingekanyaga chumba cha kulala cha mtu wa rika la baba yake, anamwogesha mzee wa Kimarekani, anambadilisha shuka, anajua dawa zipi ziko droo gani na mtoto yupi hapigi simu. Hakuna ziara ya kubadilishana ujuzi iliyowahi kumfikisha mtu karibu hivyo. Wanalipwa kwa saa, na zamu mbili mfululizo ni kawaida.

Sasa lipo wimbi jingine, la Ujerumani. Kijana mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, mwenye cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, anaweza kwenda kukaa na familia kwa mwaka mmoja, akisaidia watoto na kazi ndogo za nyumba zisizozidi saa 30 kwa wiki, akipewa chumba, chakula na posho ambayo kwa miaka imekuwa euro 280 kwa mwezi. Kwenye karatasi ni mpango wa utamaduni. Mkataba wa Ulaya unaouhusu ulitiwa saini Strasbourg mwaka 1969 na unasisitiza kwamba kijana si mfanyakazi wala mwanafunzi, ni kitu cha katikati. Madarasa ya Kijerumani yamechipuka Kisii mjini ghorofani juu ya maduka ya simu, na wazazi wameuza ng'ombe kulipia. Tangu Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, hamu imezidi, ingawa mkataba huo na mpango wa kukaa na familia ni vitu viwili.

Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Familia ya Kijerumani inalitoa siku ya kwanza, likiwa na ratiba yake iliyobandikwa kwenye friji. Sioni ubaya katika hilo. Ratiba iliyoandikwa ni bora kuliko huruma isiyo na mipaka, na anayebishana juu ya saa 30 ana la kushika mkononi. Dada yake kijana huyo, aliyekwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani, naye alilala ndani ya familia, lakini kwa utaratibu wa kafala uliomfunga kwa mwajiri mmoja, na kitanda chini ya paa la mtu kikawa ndicho kinachomzuia kutoka. Ukaribu peke yake hautoshi. Swali ni kama mgeni ana ufunguo.

Je, Wamarekani na Wajerumani nao wanakuja huku? Wanakuja. Kuanzia 1964 Wamarekani wa Peace Corps walifika Kenya, na wengi walifundisha katika shule za harambee, wakila walichokula walimu wenzao. Hao waliishi nyumba za walimu, ndani ya uzio wa shule. Familia za Kijerumani na za Minnesota nazo huja, kwa harusi au kwa mazishi. Mashauri juu ya malazi yao huanza wiki mbili kabla. Baba anapendekeza hoteli mjini Kisii, kwa kuwa ana haya na choo cha nje. Mama anauliza ni mgeni gani anayelazwa hotelini wakati nyumba ipo. Kijana aliyekaa kwao anasema hawajali choo, mbona nao walimpa chumba karibu na chao? Baba hajibu, kwa sababu kikwazo chake si choo hasa, ni mwanamke wa umri wa binti yake kupita mbele ya mlango wake usiku. Mara nyingi hoteli hushinda. Na mgeni, asiyejua kilichojadiliwa, anaandika nyumbani kwamba Wakisii ni wakarimu sana ila wana umbali fulani.

Wapo hata hivyo wageni wa kutoka ng'ambo wanaoingizwa mpaka ndani bila mjadala. Ni watoto waliozaliwa Minneapolis au Dallas, wanaoletwa mwezi wa Desemba wakati ndege zimejaa na barabara ya kutoka Narok haina nafasi. Baba yao analala kwenye nyumba yake mpya ya matofali, yenye bafu mbili, aliyoijenga kwa zamu za usiku. Haingii chumbani mwa mama yake, na mama yake haingii kwake ovyo. Watoto wanapelekwa kwa bibi moja kwa moja, kwa sababu kati ya bibi na mjukuu hakuna chinsoni ya kuvunja. Wanalalamika moshi, wanaulizana nenosiri la intaneti, wanalala watatu kitanda kimoja upande wa ndani, na bibi anawakemea kwa Ekegusii ambayo wanaielewa nusu. Mmoja anauliza kwa nini chinsaga ni chungu. Anaambiwa aongeze maziwa.